Fundi wa Magnum Asiyekula Nyama

Jambo la kwanza nililolijua kumhusu lilikuwa la kuudhi. Alikuja kwenye dirisha la famasi ya hospitali ninakofanya kazi, akaweka kichupa cha vidonge juu ya kaunta, akasoma jina langu kwenye beji, kisha akasema kwa Kiswahili cha Arusha kisicho na mikwaruzo, "Dada, label inasema twenty-eight. Nimehesabu mara tatu, ni twenty-seven."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilivimwaga vidonge kwenye sinia nikavihesabu mbele yake, nikiomba Mungu mzee yule awe amekosea. Vilikuwa ishirini na saba. Hakujigamba hata kidogo. Aliuliza tu kama ile mizani iliyokuwa nyuma yangu inapima mpaka miligramu, na ni nani anayeihakiki asubuhi kabla ya kazi. Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia upya, kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni, akasema mkewe angefurahi sana nikienda kwao Stanmore kula mihogo ya nazi.

Hivyo ndivyo nilivyompata Fundi. Wahindi wenzake wa mtaa ule wana jina lao la kumwita, na polisi wa leseni za bunduki wana lao refu zaidi kwenye faili. Kwangu mimi, na kwa kila mtu aliyewahi kuzungumza naye Kiswahili upande ule wa London, ni Fundi tu. Mkewe ni mtoto wa Tanga, tunamwita Mama Hansa, kwa jina la binti yao. Hansa amezaliwa hapahapa. Anaelewa Kiswahili chote, hata matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza, na baba yake hamlazimishi.

Ufundi wenyewe ni wa kujaza risasi. Watu wengi hudhani risasi hununuliwa dukani basi, na kweli zinauzwa. Fundi alizijaza mwenyewe, moja moja, kwenye kibanda cha mbao kilicho mwisho wa bustani yake, nyuma ya pipa la takataka za majani. Ganda la shaba nyeupe likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unalinyoosha, unaweka kitakoni fataki mpya, kile kikofia kinachowasha baruti, unapima baruti, unaimimina, kisha unakikandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda kwa presi ya mkono. Ukieleza hivi inaonekana kazi ya nusu saa. Fundi alichukua miaka miwili kupata risasi moja ya bunduki yake, magnum ya kuwindia wanyama wakubwa, yenye teke la kumfanya mtu mzima akumbuke alikoweka meno yake.

"Kila bunduki ina chakula chake," alikuwa akisema. "Wewe kazi yako ni kumpikia mpaka anyamaze." Kwa hiyo alimpikia. Alijaza risasi tatu kwa kipimo hiki cha baruti, tatu kwa kipimo kilichozidi kidogo, tatu nyingine kwa kilichozidi kidogo tena, bila kuvuka kikomo cha kitabu cha kiwanda. Jumapili tulisafiri mpaka uwanja wa shabaha ulio kusini mwa jiji, akazipiga kwenye karatasi, akarudi na karatasi zile kama mwalimu aliyebeba madaftari ya wanafunzi. Matundu yakitawanyika, anaanza upya. Yakikaribiana, anakiacha kipimo cha baruti kilivyo na kubadili urefu wa risasi, unywele kwa unywele. Siku matundu matatu ya mita mia mbili yalipofunikwa na kifungo cha koti langu, alinirudishia kifungo changu. Nilikuwa nimekikata kwenye koti la kazini kwa ajili yake, na mpaka leo koti lile lina kifungo kisichofanana na wenzake.

Mimi na bunduki si wageni. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, nikakua nikisikia harufu ya mafuta ya bunduki kabla ya harufu ya chai. Nina leseni yangu na bunduki yangu ndogo, na mara moja kwa mwaka naenda Scotland na wenzangu wa klabu kuwinda paa wa huko. Nilidhani Fundi angependa kuja. Nilipomwalika aliniangalia kana kwamba nimemwomba acheze mpira wa kulipwa.

Kumbe hali nyama. Hajawahi kula, wala kumpiga mnyama yeyote, hata panya aliyekuwa akimtafunia waya za kibandani. Panya huyo alimtega kwa sanduku la viatu na kipande cha jibini, akampandisha gari mpaka msitu wa karibu, akamfungulia. Miaka yote hiyo anatengeneza risasi kamili ya kuwindia, na shabaha yake ni karatasi. Nilimcheka sana. Nikamwita mpishi wa pilau anayefunga maisha yake yote, naye hakukasirika.

Sababu alinieleza taratibu, siku moja tukichambua maganda kwa uzito. Ujanani alifanya kazi kwenye duka la silaha la wawindaji kule Arusha. Ijumaa moja mteja alikuwa na haraka, na yeye akajaza kwa haraka. Porini mteja yule akampiga pofu, swala mkubwa kama ng'ombe. Risasi ikaenda chini kuliko ilivyotakiwa, mnyama akatembea siku mbili na tumbo wazi. Wiki iliyofuata mfuata nyayo aliyemfuatilia mnyama huyo alikuja dukani kwa miguu.

"Hakunigombeza," Fundi aliniambia. "Aliniambia tu njia yote, kila mahali alipolala, kila mahali alipojaribu kunywa maji akashindwa. Akamaliza, akaaga."

Tangu hapo nilipokuwa nikirudi kutoka Scotland, hakuniuliza hali ya hewa wala safari. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mnyama alianguka palepale. Nikimjibu ndiyo, alikuwa anashusha mabega. Mwaka mmoja nilimjibu kwamba alipiga hatua kama thelathini hivi. Akaniweka kibandani Jumamosi tatu mfululizo tukirudia vipimo vyangu toka mwanzo, na mimi nilinuna Jumamosi zote tatu.

Kibanda kilikuwa na sheria nyingi kuliko msikiti na kanisa vikiwekwa pamoja. Simu inabaki jikoni. Redio imezimwa. Chai haivuki kizingiti. Mezani panakaa kopo moja la baruti, moja tu, na likimaliza kazi linafungwa na kurudi kabatini kabla jingine halijaguswa, kwa sababu baruti mbili hufanana kama ufuta na ufuta, na moja ikiingia kwenye kipimo cha mwenzake bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Ukishamimina, unachungulia kila ganda kwa tochi. Kabla hujaharibu kitu, unakipima kwanza na kuandika. Ukipigiwa kelele ukiwa unamimina, unamwaga yote na kuanza tena, hata kama ni Mama Hansa anayeita chakula kimeiva. Mama Hansa alikuwa ameizoea adhabu hiyo. Alikuja mwenyewe mpaka dirishani akasimama na mwiko, bila kusema kitu, mpaka mumewe ainue macho.

Nje ya kibanda alikuwa mtu mwingine kabisa. Soksi zake hazikuwahi kufanana. Aliendesha gari vibaya, tena kwa kujiamini, akieleza makosa ya madereva wengine huku yeye amekalia mstari. Siku ya kuzaliwa ya Hansa ilimpita kila mwaka. Na jikoni ndiko alikokuwa balaa, kwa sababu alipenda kuingilia mapishi. "Baruti anaipima kwa miwani miwili," Mama Hansa alilalamika kwangu, "chumvi anaimwaga kama anafukuza kuku." Fundi akajibu kwamba chumvi ikizidi utakunywa maji, na akaendelea kula.

Nisije nikampaka mafuta. Alikuwa na kiburi. Mtu akimwambia "karibu sawa" alikuwa anakunja uso kama ameuma limau. Wanachama wenzetu wa klabu, Waingereza wastaarabu waliojaza risasi zao nzuri tu, walikuwa wakimwonyesha karatasi zao, naye anazitazama na kusema "very nice" kwa sauti ya daktari anayeficha majibu. Aliwahi kugombana na jirani kwa sababu ya ua, akatoka na rula kuupima. Na mimi alinitukana mara moja, neno ambalo sikujua kwamba Wahindi wa Arusha wanalijua, kwa sababu niliegemea meza wakati mizani inapima.

Lakini wiki niliyopata habari ya baba, sikujua pa kwenda. Nauli ya kurudi kumzika ilikuwa tayari, ndege ilikuwa ya Jumatatu, na Jumamosi nikajikuta nimeteremka stesheni ya Stanmore bila hata kufikiri. Nilivaa aproni, nikavuta mizani. Fundi aliisogeza mbali nami. Akasema leo hatujazi, mkono wenye msiba haupimi. Akaniletea ndoo ya maganda machafu, tukakaa kuyasugua moja moja kwa masaa matatu, na kila lililong'aa alilipokea kwangu kwa mikono miwili. Hakunipa pole hata mara moja. Nilimpenda siku ile kama unavyompenda mtu wa kwenu, na sijaacha.

Ndiyo maana lililotokea mwezi wa kwanza mwaka huu lilinikata maini.

Nilifika Jumamosi kama kawaida. Mezani palikuwa na makopo mawili ya baruti, yote yamefunguliwa. Fundi alisimama mbele ya meza ameshika kipimo kilichojaa, na sikuhitaji kuuliza. Hakujua alichochota kilitoka kopo lipi. Tulitazamana. Nilichukua kifuniko kimoja nikakifunga, yeye akakiweka kipimo chini, tukaenda ndani kula bajia. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mama Hansa alituuliza mbona leo mmewahi.

Tangu hapo alibadilika. Aliniambia nichukue baruti yangu nikaiweke kwangu, eti kibanda kimeanza kuingiza unyevu. Akaniambia nije baada ya chakula cha mchana, kwa sababu yeye sasa hivi anajaza asubuhi, akiwa peke yake. Uwanjani hatukwenda tena. Alisema mgongo unamsumbua, tutakwenda kiangazi. Na kila nilipofika nilikuta boksi jipya la risasi ishirini limepangwa juu ya rafu. Yakawa matatu, yakawa matano.

Nilikuwa nikiyaangalia maboksi yale usingizi unanipaa. Najua mimi kipimo kilichokosewa hufanya nini, kupima ndiyo kazi inayonilisha. Kiangazi kingefika. Mgongo ungepona. Angeiweka moja ya risasi zile kwenye magnum, akailazia shavu lake la miaka themanini, akabana pumzi. Nilizungumza na Hansa. Akaniambia, "Dad's fine, he's just getting slow," na nikasikia katika sauti yake kwamba ameshajiambia hivyo mara nyingi. Kulikuwa na polisi wa leseni, kulikuwa na daktari wake. Simu moja ingetosha. Wangekuja kwa adabu, wachukue bunduki, baruti na fataki, na pengine wangekuwa sahihi, na Fundi angejua ni nani aliyewaita. Bila kibanda kile sikuona angeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Nilijipa Jumamosi moja ya mwisho. Nilipanga nifungue boksi moja. Nikikuta baruti ya kiasi kisicho chake, hata ndani ya risasi moja, nitampigia daktari simu Jumatatu, na anichukie.

Baada ya chakula Fundi alikwenda kulala, kama desturi yake. Mama Hansa alikuwa akiosha vyombo na hakutaka msaada. Nikaingia kibandani nikateremsha boksi la karibuni. Hapo ndipo nilipoona kwamba risasi zilipangwa vichwa juu. Fundi hupanga vitako juu siku zote, ili fataki zionekane. Nikasema, hata hili limemtoka.

Nilichomoa ya kwanza nikaipindua. Kitakoni hapakuwa na fataki. Palikuwa na kitundu tu.

Kasahau fataki, nilijiambia, na nikakaa kwenye kile kiti chake. Mtu anayesahau fataki hajui amesahau nini kingine. Kisha mazoea yakanisaidia. Nilichukua kalipa nikaipima urefu risasi ile, nikaandika, halafu nikaitia kwenye nyundo ya kung'olea, nyundo ya plastiki unayoigonga kwenye gogo mpaka kichwa kichomoke. Niligonga mara nne. Kichwa kilitoka. Ganda nililipindua juu ya sahani. Haikumwagika punje hata moja.

Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Haina fataki, haina baruti. Ya tatu vilevile. Nilipima, niliandika, niligonga. Nilipofika ya saba nilikuwa nimeelewa. Mtu hasahau kwa mpangilio namna hiyo. Anayesahau angeweka fataki kwenye moja na kuacha nyingine, angejaza hii na kuruka ile. Risasi hizi zilikuwa tupu kwa makusudi, zimenyooshwa, zimeng'arishwa, zimekandamizwa vichwa, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kumdhuru mtu. Niliendelea kufungua mpaka ya ishirini. Sijui kwa nini sikusimama. Nafikiri nilitaka kuwa na hakika kabisa kabla ya kujiruhusu kulia.

Nilipoinua macho alikuwa mlangoni, amevaa kandambili na sweta lililopinduliwa nje ndani. Bila shaka alikuwa ameamshwa na kugonga.

"Umefungua ngapi?" aliuliza.

"Zote, Fundi."

Aliingia polepole akashika ukingo wa meza. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma kipimo. Wiki ileile ya makopo mawili aliimwaga baruti yake yote kwenye nyasi iwe mbolea, ndiyo maana upande wa kushoto wa bustani umekuwa wa kijani kama wa kuchora. Fataki na bunduki alimrudishia muuza silaha mwenye leseni, akaenda kwa basi ili Mama Hansa asiulize gari limekwenda wapi. Polisi alikwishawaandikia. Kabati la chuma la bunduki lilikuwa tupu tangu mwezi wa pili.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alianza kuvikusanya vile vichwa nilivyovitawanya, akivipanga mstari.

"Wewe unakuja kwa ajili ya baruti, binti yangu," alisema. "Nilifikiri ikiisha, hutakuwa na sababu ya kupanda treni mpaka huku."

Nilimwambia kwamba amehesabu vibaya, kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue amehesabu vibaya kabisa. Nililia sasa, bila aibu, na pua ikimwagika, na yeye akatafuta kitambaa akanipa kile cha kufutia mafuta. Nilimwambia ningekuja hata kama tungekuwa tunapima mchele. Alisikiliza yote hayo akitikisa kichwa taratibu, na nikaona kwamba ameshaniamini lakini bado kuna jambo linamkwaza. Alikuwa akiyaangalia yale maganda.

"Ulizipima urefu kabla ya kufungua?"

"Nilipima."

"Zilitofautiana?"

Nilimsogezea karatasi, lakini alikuwa ameacha miwani ndani, akaniangalia mimi. Alikuwa na macho ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na nilishukuru kwamba sikuhitaji kumdanganya.

"Hapana, Fundi. Zote ishirini ni urefu mmoja."

Nje Mama Hansa alikuwa amesimama dirishani na mwiko wake, akisubiri tuinue macho.

"Basi mikono bado ipo," alisema.

Nikamwambia ipo. Tukafuta meza, tukafunga kibanda, tukaenda kunywa chai.